Kopo la Bluu Lenye Kiraka cha Kijani

Mama,

Umezikwa Olumbi. Aliyesema ni Bi Atija, mkulima wa muhogo wa hapo Olumbi, juzi Jumatatu, kwenye mkeka wake, kopo lako la bluu likiwa mkononi mwangu. Alisema ulifika kwake kwa miguu mwaka ule wa mbio, vita vilipowatoa Mocímboa, ukaugua homa, ukafia kitandani kwake, na yeye na wanawake wengine wawili ndio waliokuosha. Hukufa njiani. Hukufa peke yako. Hayo mawili ndiyo niliyotaka kuyajua kabla ya mengine yote.

Nakuandikia kama ninavyoandika kazini, jipya kwanza, maana nikianza na mengine sitafika.

Sikwenda Olumbi kukutafuta. Nilikuwa nimeshaacha kukutafuta, Mama, ingawa ndugu yangu Momade hajui. Redio ilinituma kuuliza habari za pampu ya maji iliyotengenezwa upya, na Bi Atija alikuwa mmoja wa wanawake niliopaswa kuzungumza nao. Tulipomaliza akasema nisiondoke na njaa. Akatandika mkeka, akaja na beseni, akainama kuninawisha mikono. Maji yalipoanza kumwagika ndipo nikakiona kiraka.

Nililitambua kabla sijajiambia kuwa nimelitambua. Mikono ikabaki palepale chini ya maji. Bi Atija akasema, "Mwanangu, utamaliza kisima." Nikamwomba nilione hilo kopo. Akalitikisa, maji ya mwisho yakamwagika mchangani, nikalipokea na kuligeuza. Vidoti vitatu, mstari chini yake: alama yako.

Uliwahi kufikiri litadumu hivyo? Ulilinunua sokoni karibu na bandari, kwa yule bwana aliyekuwa akitandaza vyombo juu ya turubai, nami nikiwa shule ya msingi. Halikuwa kopo la maana. Uliponunua jeleira ya kupozea maji, mtaa mzima ulikuja kuitazama; uliponunua kopo hata mimi sikukuuliza umelitoa wapi. Momade akalikalia, likapasuka chini, karibu na mkono wa kushikia. Mtu mwingine angelitupa. Wewe uliokota kipande cha ile ndoo ya kijani iliyokufa, ukapasha kisu moto, ukayeyusha, ukamwambia Momade, kwa kuwa ndiye mharibifu, abonyeze. Akabonyeza upesi mno. Alilia kweli. Ulimpuliza kidole, ukampuliza tena, halafu ukauliza, "Limeziba?" Na alama ya gumba lake ikabaki pale, kishimo kidogo cha gumba la mtoto kilichoganda katika plastiki ya kijani.

Juzi nilikitia kidole changu cha mwisho. Kiliingia.

Mbele ya mwenyeji wangu sikulia. Nilimuuliza alilipata wapi, kwa sauti ileile niliyomuulizia pampu. Akanitazama, akatazama vidole vyangu vilivyolikumbatia kopo, akasema, "Wewe ni wa Mama Momade."

Ulijitambulisha kwa jina hilo. Nami miaka yote nimeuliza habari za Bi Somoe, jina lako la kweli: Palma, kambini, kwa watu waliovuka Ruvuma wakarudi, katika ofisi zote zilizonifungulia mlango. Bi Somoe, mwembamba, anatumia mkono wa kushoto, ana alama ya kuungua kwenye kiwiko. Hakuna aliyemjua. Wewe hukupata kumwambia mgeni jina lako hata siku moja. Ulikuwa Mama Momade dukani, Mama Momade hospitali, Mama Momade msikitini. Na ukiuliza pwani yote hii habari za Mama Momade, utajibiwa na kila nyumba ya tatu. Pale Olumbi, Bi Atija anasema, walikuwepo wengine wawili, kwa hiyo wewe walikuita Mama Momade wa kopo.

Nilitaka kuamini hapohapo. Lakini nimeshawahi kukosea, unakumbuka? Hapana, huwezi kukumbuka. Ngoja nikueleze.

Niliporudi kwetu Mocímboa nyumba ilikuwa kuta tu. Mabati yalikwenda, milango ikaenda na miimo yake, jeleira, cherehani, kitanda cha mninga alichokuachia baba. Kila kitu tulichokifunika kitambaa kisishike vumbi kilikwenda. Vilivyobaki vilikuwa vile ambavyo hakuna aliyeona haja ya kuvibeba: ulimi wa mbuzi ya nazi, bila mti wake, kitana chako cha waridi, meno yote yapo, ndala moja ya mguu wa kushoto, na sahani moja ya chuma chini ya majivu, imebabuka ukingoni. Niliigeuza. Vidoti vitatu na mstari, kwa rangi ya mafuta.

Nimeripoti nyumba nyingi zilizochomwa. Nilikuwa nimeandika mara kadhaa kwamba familia fulani "imepoteza kila kitu." Siandiki tena hivyo. Naenda kwanza jikoni, naangalia chini.

Kisha mtu mmoja akampigia Momade simu, akasema huko Mbau kuna mwanamke ana sahani zenye alama kama zako. Nikaenda. Nilipoingia uani sahani ilikuwa imeanikwa, nikaigeuza kabla hata sijabisha hodi, na alama ilikuwa yako. Moyo wangu ulikimbia mbele yangu ukaingia ndani. Akatoka Bi Rukia, jirani yetu wa nyuma ya nyumba, akiwa na mtoto mgongoni. Tulitazamana. Akasema, "Mama yako alinidai sahani hii tangu maulidi mpaka siku ya mbio. Nikaona nikiiacha ataniandama." Alikimbia vita na sahani ya kuazima kichwani kwa sababu alikuogopa wewe. Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Akaiosha, akatia ndani mchele kiganja kimoja, kwa kuwa chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, akanipa. Habari zako hakuwa nazo. Mlipotezana siku ya kwanza, kabla ya mashamba kuisha.

Hapo nilijifunza kwamba alama yako inasema sahani ni ya nani. Haisemi nani ameibeba.

Na vyombo vyako vilitapakaa mji mzima, Mama. Hakukuwa na arusi wala msiba usioazima kwetu. Kesho yake ulinitanguliza nyumba kwa nyumba, na mimi nikaona haya, kwa sababu hukuwa na subira ya salamu. "Shikamoo, geuza, geuza, tuone tako lake." Wenye nyumba wakikutania: "Mama Momade, na mtoto wako umemchoma alama?" Ulijibu, "Huyu hapotei, anasema sana." Vya chuma ulivipiga rangi, vya plastiki ulivichoma kwa msumari wa moto, maana rangi ya kucha, ulisema, ni ya wanawake wenye vyombo viwili.

Sasa nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu.

Nimeezeka vyumba viwili vya nyumba yetu na naishi humo peke yangu. Jikoni nina sahani hizo mbili, ya majivu na ya Bi Rukia. Nikimaliza kula naziosha na kuzilaza uchanjani, uso juu. Asubuhi nazikuta zimelala kifudifudi, tako juu. Si kila siku. Nimelichunguza kama ninavyochunguza habari nyingine: ufunguo ninao mimi tu, na paka hawezi kugeuza sahani ya chuma asiiangushe. Basi ni mimi. Nazigeuza na sikumbuki. Hayo ndiyo maelezo, na nimeyakubali. Hata hivyo kila nikizikuta hivyo nasalimia.

Sura yako inanitoroka. Mkono wako hautoroki. Nikiwa kwa watu kazini, wakinikaribisha chakula, naona mkono wa kushoto unapita chini ya sahani, kumbe ni wangu, na kabla sijauzuia nimeshaigeuza, wali uko mkekani. Imetokea kwa katibu wa mtaa. Ilitokea kwenye futari ya mkuu wangu wa kazi. Wenzangu wanadhani natafuta uchafu.

Kwa hiyo juzi, mbele ya Bi Atija, nililishika kopo lako na bado sikuwa na uhakika. Mtu yeyote angeweza kuliokota njiani. Mtu yeyote angeweza kuwa Mama Momade. Nikamwomba anieleze huyo mwanamke alivyokuwa, na sikumwambia lolote la kumsaidia.

Akasema ulikuwa mgeni mwenye adabu ya kuchosha. Miguu imevimba, huna kitu isipokuwa kanga mbili na kopo, na siku ya pili ukawa umeshalipanga jiko lake upya. Kopo ulimwazima. Ni neno lake: "Aliniazima. Yuko kwangu, anakula kwangu, analala kwangu, na kopo ananiazima." Kila alipolitumia ulimfuata kwa macho. Homa ilipopanda ulikuwa unaongea na watu asiowajua, ukimwita mtu mmoja arudishe sahani. Nikauliza sahani gani. Akasema, "Ya maulidi."

Nikaandika. Neno hilo nililipigia mstari.

Siku moja kabla hujafa ulimshika mkono ukamwambia, "Kopo langu lirudi nyumbani." Alidhani ni homa. Ukamwambia tena asubuhi, umetulia, umetokwa jasho, kwa sauti ya kawaida. Wakakuosha kwa kopo hilohilo, kwa sababu pale nyumbani hapakuwa na jingine lisilovuja. Sanda ilikuwa shuka yake ya arusi. Mwanamume mmoja mwenyeji wa bara, aliyesaidia kuchimba, alitaka walitoboe kopo waliweke juu ya kaburi, kwao hufanya hivyo ili marehemu abaki na chake na wezi wasilitamani. Bi Atija akakataa. Akawaambia hilo ni la kuazima.

Kisha wao nao wakakimbia. Kabla ya kukimbia alilichomeka juu ya ukuta wa choo, chini ya makuti, akiwaza kwamba hakuna mwenye bunduki anayetafuta kopo chooni. Aliporudi, nyumba haikuwa na mlango. Kopo lilikuwa pale. Limepauka upande wa jua, limeoga mvua zote hizo, halikuingia ufa. Tangu hapo anamnawisha nalo kila mgeni anayepita, anayemjua na asiyemjua, na analishika juu kidogo kuliko inavyohitajika. Nilimuuliza kwa nini. "Ili mtu alione," akasema. "Ningekutafuta wapi? Sijui Momade gani. Nikasema, mwenye nalo akija ataligeuza."

Akanichukua mpaka mwanzo wa makaburi, akanyoosha kidole: jiwe la matumbawe kichwani, jiwe jingine miguuni, mkorosho mdogo nyuma yake. Sikusogea. Fatiha haiharibiki ukimsomea mama wa mwingine, najua. Lakini ni kama nilimwona Momade akinitazama kutoka Mtwara anakoishi, na nikataka kitu kimoja zaidi.

Nilikipata kwenye chakula. Tulirudi mkekani, akaleta kisamvu na samaki, akaniwekea sahani ya plastiki. Mkono ukapita chini yake. Sikuuzuia, niliinyanyua sahani na chakula chake nikatazama kwa chini. Vidoti viwili, mstari. Vimechomwa kwa msumari. Mstari umeanzia kulia ukapanda kushoto, kama wako, kama mistari yote ya mtu anayetumia mkono wa kushoto bila kuugeuza msumari.

Bi Atija akaona nilikotazama. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hiyo pia ni kazi yake. Aliniuliza vyombo vyangu mbona vyote viko uchi. Nikamwambia, Mama Momade, wewe mgonjwa, lala. Akasema atalala baadaye, nimletee msumari." Ukamchomea sahani zake zote, ukiwa umekaa kitandani, umejifunika kanga. Ukampa vidoti viwili, kwa sababu vitatu ni vyako.

Hapo sikuwa na swali jingine. Nilikula. Kilikuwa kisamvu kizuri, Mama, nazi imekolea, na nilimaliza sahani yote nikiwa nalia, na yeye akaongeza bila kuuliza.

Ningeweza kurudi makaburini. Gari la redio lilikuwa linangoja lakini lingengoja zaidi. Sikurudi, ili nisimtangulie Momade. Miaka yote hii amekataa tukusomee khitma. Anauza vitambaa Mtwara, chumba cha nyuma ameweka kitanda chako na chandarua kimefungwa fundo, na kila namba asiyoijua akipigiwa anapokea, hata akiwa na mteja. "Hasomewi khitma mtu aliye hai," aliniambia, na tukakaa miezi hatusemezani. Nilimwona mjinga. Sasa nadhani mmoja wetu ilibidi akungoje, na kazi hiyo aliifanya yeye.

Nilimpigia nilipofika nyumbani. Nilimweleza kwa utaratibu, kama nilivyokueleza wewe. Nikamsikia mteja anauliza bei ya kitenge, hakumjibu.

Kisha akauliza, "Kopo gani?"

Nikasema, la bluu.

"Makopo ya bluu ni mengi."

Nikasema lina kiraka cha kijani.

"Upande gani?"

Chini, karibu na mkono. Nikamwambia na alama ya kidole bado ipo. Sikuwa na haja ya kusema cha nani. Nikamsikia anapumua, kisha akasema kwa sauti ya mtoto aliyelikalia kopo la watu, "Liliziba?"

Nikamwambia liliziba. Halivuji mpaka leo.

Akasema atafungua chandarua mwenyewe, nisimtume mtu. Halafu akauliza sanda ilikuwa ya nani, nikamwambia. Anamletea Bi Atija shuka mbili na doti ya kanga, amesema, na atachagua kwa mkono wake.

Kopo sikuondoka nalo. Nililiomba. Bi Atija alilirudisha nyuma ya mgongo wake kama msichana. "Hili halitoki kwangu tupu, na leo sina kitu cha kutia. Karanga nazing'oa wiki hii. Njoo na ndugu yako." Nilikaribia kumwambia kwamba hakuna haja. Nikakumbuka kiganja cha mchele cha Bi Rukia, nikamwambia tutakuja.

Mama, naaga hapa, kwa kuwa sikupata kukuaga siku ile; nilikuwa Pemba yetu ya huku bara, na wewe ulikuwa unaanika vyombo. Nakuahidi kopo sitalifungia kabatini wala sitalitundika ukutani kama picha. Litakuwa mlangoni, litanawisha watu, na likipasuka tena nitatafuta kipande cha ndoo. Sahani za watu nitajitahidi kuziacha zilivyo. Zako nitazirudisha zote nitakazoziona, na nitawakera watu.

Leo asubuhi nilizikuta mbili zile uchanjani zinaangalia juu, kama nilivyoziacha. Nilisalimia hata hivyo.

Momade anavuka Ruvuma kesho, Alhamisi. Ijumaa, sala ikiisha, tunakwenda Olumbi, kaburini kwanza, halafu kwa Bi Atija. Khitma ni Jumapili baada ya alasiri, nyumbani kwetu, na sahani zitakuwa za kuazima. Jumatatu asubuhi nitazipitisha mwenyewe nyumba kwa nyumba, kila moja kwa mwenye nayo, na ndani yake karanga.